Msonobari na Uyoga wa Madonie: Somo la Mlima Mmoja



Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie mimea iliyo hatarini kutoweka. Nikaomba ruhusa, nikapewa, ya kuchukua mmea mmoja na kuuweka ubavuni mwa kuvu moja, kisha nivilinganishe mbele yenu. Sisi watu wa hifadhi tumezoea kufanya kazi na vitu vinavyosimama mahali pake na kuonekana mwaka mzima. Mazoea hayo yametujengea imani kwamba spishi ni jumla ya vichwa vyake, na kwamba kuilinda ni kuvilinda vichwa hivyo. Kuvu inaivuruga imani hiyo. Ninachotaka kuonyesha jioni hii ni kwamba ikishavurugika, hata mti tunauona vizuri zaidi.

Nitawapeleka mbali kidogo, katika kisiwa cha Sicily nchini Italia. Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho kuna safu ya milima iitwayo Madonie. Humo mna mti mmoja na uyoga mmoja ambao Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, umeviweka vyote viwili katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Vinaishi chini ya hifadhi moja, Hifadhi ya Madonie iliyoanzishwa mwaka 1989, na vinatembelewa na watu wale wale. Hata jina la pili la kisayansi ni moja: mti ni *Abies nebrodensis*, uyoga ni *Pleurotus nebrodensis*. Mtu anayetaka kulinganisha mmea na kuvu hatapata mahali pazuri kuliko hapo.

Mti wenye namba

Tuanze na mti. Ni wa jamii ya misonobari ile ambayo Wazungu huiingiza sebuleni wakati wa Krismasi. Huu wa Sicily haurefuki sana, maana upepo wa mlimani na udongo haba vimeudumaza. Ukilishika tawi lake utaona vijitawi vya mwishoni vimetoka kushoto na kulia kwa pembe mraba, hata ncha nzima ikawa na umbo la msalaba. Wenyeji waliuona msalaba huo zamani, wakaupa mti jina kwa lahaja yao.

Palikuwa na msitu wake. Mbao zake zilibeba mapaa ya makanisa ya vijiji vya milimani. Shoka, moto na mifugo vikaula msitu huo kidogo kidogo hadi, kufikia mwaka 1900 hivi, wataalamu wakaandika kwamba mti umekwisha. Mwaka 1957 ukaonekana tena. Ulikuwapo miaka yote hiyo, ila hapakuwa na aliyekwenda kuutafuta.

Leo miti mizima iliyobaki porini ni 30, na kila mmoja una namba yake. Mlinzi wa hifadhi akitaka kujua hali ya spishi nzima, anavaa viatu na kuizungukia yote kwa miguu. Anaweza kukuambia upi umezaa mwaka huu, upi umevunjwa tawi na theluji, upi miche yake imefukuliwa na nguruwe mwitu. Ni spishi chache sana duniani ambazo binadamu anazifahamu kwa karibu kiasi hicho.

Mkitazama picha za miti hiyo mtaona uzio. Mtu wa kawaida akiuona uzio anasema basi, mti umepona. Lakini misonobari huchavushwa na upepo, na miti 30 iliyotawanyika mlimani, huu hapa na mwingine ng'ambo ya bonde, haifikishiani chavua ya kutosha. Kwa hiyo mti hujichavusha wenyewe. Mbegu nyingi zinazotokana na hapo ni maganda matupu, na miche inayofanikiwa kuota huwa dhaifu. Kuna hatari nyingine pia: jamaa zake wa kigeni, misonobari iliyoletwa na watu wa misitu ikapandwa jirani. Chavua ya hao inafika bila shida, na miche inayozaliwa ni machotara. Uzio unamzuia mbuzi, ila upepo hauuzuii, wala hauwezi kuleta chavua ambayo haipo.

Mwaka 2019 watafiti walianza mradi uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, ulioitwa LIFE4FIR. Walichukua chavua ya mti mmoja na kuipeleka kwa mkono kwenye koni za mti mwingine. Walihifadhi mbegu kwenye baridi kali, walikuza miche kwenye vitalu, kisha wakaipanda katika maeneo mapya ndani ya hifadhi. Angalieni kazi hiyo ni ya namna gani. Miti yenyewe ilishazungushiwa uzio zamani; kilichofanyika safari hii ni kuirudishia ujirani uliokatika. Naomba jambo hili mliweke akilini, tutalirudia.

Uyoga wenye bei

Sasa tupande juu kwenye malisho yenye mawe ya chokaa, kati ya mita 1,200 na 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko, kuanzia Aprili hadi Juni, hujitokeza uyoga mnene wa rangi ya malai, wenye nyama nzito na mashavu yanayoteremka hadi kwenye shina. Ni ndugu wa karibu wa uyoga wa mamama, ule ambao akina mama wengi hapa kwetu wanaulima kwenye mifuko ya plastiki iliyoshindiliwa mabaki ya pamba au mabua. Giuseppe Inzenga wa Palermo aliueleza kisayansi mwaka 1863.

Uyoga huo hauoti popote. Unaishi kwenye mizizi na shina la chini la mmea mmoja wa jamii ya karoti, *Cachrys ferulacea*. Pasipo na mmea huo, uyoga hamna. Mmea ukiwapo, uyoga nao huenda ukaota mwaka huu, huenda usiote, kutegemea mvua na theluji ilivyoyeyuka.

Mwaka 2006 uyoga huo uliingia kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya spishi zilizotathminiwa hatari ya kutoweka. Tathmini ilisema eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 100, na kwamba uyoga unaofikia kukomaa kwa mwaka haufiki 250. Ukiacha kuvu zinazoishi na mwani na kufanya ukoga juu ya mawe na magome, huu ndio uyoga wa kwanza duniani kuandikwa humo.

Chanzo cha taabu yake ni utamu. Kilo moja iliwahi kuuzwa kati ya yuro 50 na 70. Kwa bei hiyo, kijana wa kijijini na mstaafu wa mjini wote hupanda mlima na kikapu, na hapo ndipo mchezo mbaya unapoanza. Mchumaji anajua kwamba akiuacha uyoga mchanga ufunguke, mwenzake atapita kesho na kuuchukua. Kwa hiyo anauchuma leo, kofia ikiwa bado imejikunja. Uyoga uliojikunja haujamwaga spora, yaani chembe zake za uzazi, hata moja. Wachumaji hao hawana uchoyo kuliko sisi. Kila mmoja anafanya hesabu sahihi kwa upande wake, na jumla ya hesabu zao sahihi ni hasara ya wote. Kadiri uyoga unavyoadimika ndivyo bei inavyopanda, na bei ikipanda wachumaji wanaongezeka. Bandu bandu huisha gogo, na hapa gogo lenyewe halionekani.

Hifadhi ikaweka kanuni mbili. Katika eneo la kati ni marufuku kabisa kuuchuma. Nje ya hapo unaruhusiwa, ila usiguse wenye kofia isiyofika sentimita 3. Hii ya pili naipenda kwa sababu imetungwa na mtu anayemjua mchumaji. Haimwambii akae nyumbani. Inamwambia auache uyoga mtoto upate kuzaa kwanza.

Thelathini na mia mbili hamsini si hesabu moja

Mtu akisikia miti 30 na uyoga 250 anaweza kusema uyoga una nafuu mara nane. Hesabu hiyo ni ya uongo.

Ule mti wenye namba 7, tuseme, ni mti mzima: mizizi, shina, matawi. Uyoga ulioonekana Mei si kuvu nzima. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa ndani ya mizizi na udongo mwaka mzima. Uyoga ni kwa nyuzi hizo kama embe lilivyo kwa mwembe, isipokuwa mwembe huu uko chini ya ardhi na hakuna aliyewahi kuuona. Mbele ya maembe 250 sokoni huwezi kusema yametoka kwenye miembe mingapi. Wala siku usipoliona embe huwezi kusema mwembe umekufa.

Ukubwa wa kisichoonekana unaweza kushangaza. Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon nchini Marekani, watafiti walipima kuvu moja ya aina ya *Armillaria ostoyae* kwa kulinganisha vinasaba vya vipande vilivyotoka sehemu mbalimbali za msitu. Wakakuta kiumbe kimoja kimeenea hekta 965 na kina umri usiopungua miaka 1,900. Juu ya ardhi unaona uyoga mdogo mdogo hapa na pale wakati wa mvua, na mtu asiyejua angehesabu maelfu.

Sasa vigezo vya Orodha Nyekundu vinauliza maswali ambayo kwa mti yana majibu: watu wazima ni wangapi? Wamepungua kwa kiasi gani katika vizazi vitatu? Kwa kuvu, mtu mzima ni nani? Kizazi ni miaka mingapi? Mwaka 2011 Anders Dahlberg na Gregory Mueller walichapisha mwongozo wa namna ya kuvitumia vigezo hivyo kwa kuvu. Shauri lao, kwa ufupi, ni kuanza na idadi ya mahali ambapo uyoga umewahi kuonekana, kukadiria mahali pengine ambapo huenda upo na haujaonekana, kisha kukisia kwa hoja ni viumbe wangapi wanaweza kuwa mahali pamoja. Ni makadirio, lakini ni makadirio yenye nidhamu. Yamewezesha kuvu kuingia kwenye meza ambayo hapo awali zilikuwa zikifukuzwa kwa kukosa namba.

Adui wa jana na adui wa leo

Tofauti nyingine iko kwenye adui. Msonobari uliuawa zamani. Waliokata mbao za makanisa wamekwishakufa, na hakuna leo anayeutaka mti huo kwa mbao. Ulichobakiwa nacho ni deni: uchache, upweke, na vinasaba vilivyopungua. Deni hilo linalipwa polepole, kwa miongo mingi, na hata serikali ikitunga sheria kali namna gani haitalifuta.

Adui wa uyoga yuko sokoni asubuhi ya leo. Hilo ni baya, lakini lina heri ndani yake, kwa sababu mtu aliye hai unaweza kuzungumza naye.

Hapa inafaa tuwe waangalifu tusimhukumu mchumaji kupita kiasi. Uswisi walifanya jaribio lililodumu kuanzia mwaka 1975 hadi 2003, wakichuma uyoga wa msituni katika viwanja fulani na kuuacha katika vingine. Ilipofika mwisho, viwanja vilivyochumwa havikuwa vimepungukiwa. Kilichopunguza uyoga kilikuwa kukanyagwa kwa ardhi na miguu ya wachumaji. Kwa hiyo kuchuma peke yake si kosa, na anayesema kila anayechuma uyoga anaharibu mazingira amesema zaidi ya ushahidi. Lakini misitu ile ya Uswisi ilikuwa na kuvu tele, na ilikuwa na spora za kutosha kutoka kila upande. Uyoga unaokomaa ukiwa haufiki 250 kwa mwaka, na mwingine mwingi unachumwa kabla haujafunguka, hali ni nyingine. Kinachouma si kisu, ni uchanga wa kile kinachokatwa.

Kuna tofauti moja zaidi inayotushangaza sisi wa mimea. Uyoga wa Madonie unaweza kulimwa, na watafiti wa Sicily wameonyesha hivyo. China wanalima kwa wingi uyoga mweupe uliouzwa kwa miaka mingi kwa jina hilo hilo la kisayansi, mpaka uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba ni spishi nyingine iliyo jirani. Kwa hiyo kuvu inaweza kujaa madukani huku porini inakwisha. Shamba linaweza kuupunguzia mlima wachumaji, na hilo ni jema. Lakini aliyeotesha uyoga kwenye mfuko hajahifadhi ule uhusiano wake na ule mmea wa jamii ya karoti kwenye mawe ya chokaa. Msonobari hauna njia hiyo ya mkato, na labda ndiyo maana hakuna anayedanganyika kwamba umepona.

Huku kwetu

Mtaniuliza: na sisi je?

Sisi tunao msonobari wetu. Kwenye misitu ya pwani ya kusini mwa Tanzania kuna mti uitwao *Karomia gigas*. Kenya ulijulikana kwa mti mmoja tu, nao ukakatwa mwaka 1977. Mwaka 1993 ukaonekana Kilwa, kisha mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaufikia tena. Ni miti michache sana, na mbegu zake zina tatizo ambalo haliwezi kukosekana katika mhadhara huu: nyingi hushambuliwa na kuvu kabla hazijaota. Wanaojaribu kuuotesha, hapa nchini na katika Bustani ya Mimea ya Missouri nchini Marekani, wanalazimika kuijua kuvu ili waujue mti. Tazameni mambo yalivyo: mti huo una jina, una faili, una watu wanaoufuatilia.

Uyoga wetu je? Nendeni Iringa, Njombe au Tabora mvua zikishakolea. Barabarani mtawakuta akina mama na beseni, uyoga umepangwa mafungu mafungu, mwekundu, wa manjano, wa kahawia. Muulize muuzaji, na atakutajia jina la kila mmoja kwa lugha ya kwao, atakuambia unaota chini ya mti gani na baada ya mvua ya ngapi. Mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Mtanzania Leonard Mwasumbi walitoa kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo yalitoka kwa watu wa vijijini. Wenye elimu hiyo hawajawahi kukosekana. Aliyekosekana ni wa kuigeuza iwe kumbukumbu inayoweza kusema mwaka hadi mwaka kama uyoga fulani unapungua.

Na tunayo sababu ya kuhofu. Uyoga mwingi wa miombo huishi na mizizi ya mitundu na miti mingine ya jamii hiyo. Nyuzi zake hupeleka maji na madini mtini, na mti hulipa kwa sukari. Mti ukikatwa kwa mkaa au kwa kukaushia tumbaku, kuvu iliyokuwa mizizini inakosa chakula. Aliyekata hajagusa uyoga hata mmoja, wala hajui kama ameua kitu. Hali kadhalika uyoga wa vichuguuni: unalimwa na mchwa, na bila mchwa haupo.

Duniani nako mizani imelala upande mmoja. Mimea iliyokwisha kufanyiwa tathmini kwenye Orodha Nyekundu inazidi spishi 60,000. Kuvu zilifika 1,300 mwezi Machi 2025, na kati ya hizo zisizopungua 411 zimo hatarini. Kuvu zilizopewa majina ya kisayansi zinakaribia 155,000, na wataalamu wa Bustani ya Kew wanakadiria kwamba zote kwa jumla ni kama milioni 2.5. Chile iliziingiza kuvu katika sheria yake ya mazingira mwaka 2010, ikatangulia nchi nyingine zote. Sisi, ambao watu wetu wanakula uyoga wa msituni kila masika, tunayo haki ya kuwa miongoni mwa wanaofuata.

Nina mapendekezo matatu, na yote ni ya kazi.

La kwanza, kila tunapopeleka wanafunzi na watafiti msituni kuhesabu miti, fomu iwe na safu ya kuvu: uyoga gani umeonekana, chini ya mti gani, tarehe gani, na mwenyeji anauitaje. Gharama yake ni wino. Baada ya miaka 10 tutakuwa na kitu cha kulinganisha, na hata mwaka ambao uyoga hautaonekana utaandikwa, maana kutoonekana nako ni taarifa.

La pili, kanuni za kuchuma zitungwe pamoja na wachumaji. Ile ya sentimita 3 ya Madonie ni mfano, si msahafu. Akina mama wa Iringa wanaweza kutunga iliyo bora zaidi kwa uyoga wao, na kwa kuwa ni yao wataisimamia.

La tatu ni letu sisi wa mimea. Nimewaomba mliweke akilini suala la ule uzio. Watunza msonobari walikuja kugundua kwamba kuulinda kila mti peke yake hakutoshi, wakahangaika kurudisha chavua, majirani na udongo mpya. Uyoga ulikuwa ukisema hivyo tangu mwanzo, kwa sababu haukuwa na kichwa cha kuzungushia uzio. Ulikuwa na mmea wake, malisho yake, mvua yake na mchumaji wake tu. Tungeanza na kuvu, pengine tungefika kwenye ukweli huo kuhusu miti mapema zaidi. Kwa hiyo mpango wowote wa kuokoa mti adimu hapa nchini, ukiwamo ule wa Kilwa, usiidhinishwe mpaka ujibu maswali haya: nani anauchavusha, nani anasambaza mbegu zake, na ni kuvu gani ziko mizizini mwake. Mpango usio na majibu hayo una orodha ya miti, ila hauna njia ya kuifanya izae.

 Maswali yenu nayakaribisha, hasa ya wale mnaochuma uyoga wenyewe.